Shajara ya Ubuyu: samaki wa dhahabu Dodoma, Juni 2024 hadi Oktoba 2025

9 Juni 2024, Ipagala

Samaki mmoja amekufa leo asubuhi, amebaki mmoja. Ni siku tisa tu tangu kaka yangu awalete kutoka Dar, zawadi ya binti yangu kutimiza miaka minane. Mwaka jana walikufa watatu kwa mtindo huohuo, na nikamwambia mtoto lile neno ambalo kila mtu husema, kwamba samaki wa mapambo hawadumu. Safari hii hakulia. Aliuliza tu, "Mama, kwani wao huwa wanaishi siku ngapi?"

Nilikosa jibu. Usiku nikakaa na simu mpaka bando likaisha.

Nilichokisoma kimenitia aibu. Samaki wa dhahabu akitunzwa hufika miaka kumi, kumi na mitano, na wanaopita ishirini wapo. Kuna mmoja wa Uingereza aliyeitwa Tish, alipatikana kama zawadi ya mchezo kwenye tamasha la mtaani mwaka 1956, akafa 1999 akiwa na miaka 43. Mimi mwenyewe sijafika huko. Na hawa ni viumbe waliozoea kuishi na watu: Wachina wanawafuga kwa zaidi ya miaka elfu moja, tangu walipoanza kuwatenga wale wachache waliotoka na magamba ya njano na mekundu kati ya wenzao wa kijivu. Sasa kiumbe aliyeishi na watu miaka elfu, afike kwangu afe kwa siku tisa?

Basi nimeanzisha mradi. Huyu aliyebaki binti amemwita Ubuyu, kwa rangi yake, na kweli anafanana na ule ubuyu mwekundu wa kwenye vifuko. Lengo langu ni Ubuyu avuke mwaka mmoja. Nitapima urefu wake kila mwisho wa mwezi, joto la maji saa moja asubuhi na saa tisa alasiri, na nitaandika kila nitakachoharibu. Leo Ubuyu ana sentimita 4.5.

12 Juni

Nimeelewa kinachoua. Ni lile bakuli la kioo tulilowawekea.

Samaki hutoa uchafu wake mwingi kupitia matamvua, na uchafu huo ni amonia, ileile inayokuchoma pua ukiingia choo kisichomwagiwa maji. Kwenye bwawa kubwa inapotea. Kwenye bakuli la lita tano lenye mdomo mwembamba inarundikana, na samaki anavuta sumu yake mwenyewe mchana na usiku. Mtu anaona maji meupe kabisa, anasema ni masafi. Amonia haina rangi.

Halafu kuna habari ya maji yetu. Maji ya bomba ya hapa mjini kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Makutupora, ni maji ya ardhini, na kila mwenye birika anajua ile chokaa nyeupe inayoganda chini. Nimeyapima kwa vikaratasi vya pH, kile kipimo ambacho 7 ni katikati, chini yake maji ni ya uchachu na juu yake ni ya upande wa chokaa, yanasoma kati ya 7.8 na 8. Samaki wa dhahabu hana ugomvi na maji magumu, anayapenda. Tatizo ni kwamba amonia hubadilika sura kulingana na pH. Kwenye pH 7 sehemu yake iliyo sumu kali ni kidogo mno, haifiki hata moja katika mia. Kwenye pH 8, kwa joto la nyuzi 25, inafika kama tano katika mia. Kwa maneno mengine, kiasi kilekile cha uchafu ambacho mwenye maji laini angesamehewa, hapa Dodoma kinaumiza karibu mara kumi.

Ubuyu nimemhamishia kwenye beseni kubwa la kufulia, lita 60, na kila siku ninatoa nusu ya maji na kuweka mengine yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo wazi ili klorini ipae.

23 Juni

Fundi vioo wa Majengo amenitengenezea tangi: urefu sentimita 100, upana 40, kimo 45, kioo cha milimita 8. Shilingi 160,000 pamoja na kazi. Alitaka kutumia silikoni ya bafuni aliyokuwa nayo, nikamkatalia. Ile huwekwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Tulizunguka maduka matatu ya vifaa vya ujenzi kutafuta ya kawaida isiyo na kitu. Sebule inanuka siki siku ya nne sasa, ndivyo silikoni inavyokauka. Nimeambiwa nisubiri wiki nzima.

Tangi nimeliweka juu ya tofali za saruji. Kabati la televisheni ambalo mume wangu alilipendekeza lisingeweza: likijazwa mpaka sentimita 40 ni lita 160 za maji, yaani kilo 160, bado kioo chenyewe.

2 Julai

Hapa ndipo watu wengi wangeweka samaki. Mimi nimeweka dagaa ndani ya soksi.

Tangi jipya ni kama shamba lisilo na rutuba. Kinachotakiwa ni bakteria wa aina mbili. Wa kwanza hula amonia na kuacha naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili hula naitraiti na kuacha naitreti, ambayo samaki anaivumilia ilimradi isizidi sana. Hawa bakteria hawaelei tu majini, wanajenga kwenye sponji la chujio, kwenye mchanga, kwenye kioo. Na hawaji bila chakula. Kwa hiyo unalilisha tangi tupu kitu cha kuoza. Gramu chache za dagaa wa Mwanza, soksi ya mtoto, fundo. Kaka alinunua Dar chupa za kupimia, zile za matone, akazituma kwa basi.

Harufu siwezi kuielezea. Paka wa jirani amehamia dirishani kwangu.

27 Julai

Nanakili kutoka kwenye daftari. Amonia ilipanda mpaka miligramu 4 kwa lita tarehe 13. Naitraiti ilianza kuonekana tarehe 17, ikapanda, ikagoma kushuka. Nilikata tamaa. Baadaye nikagundua sababu: ni Julai. Asubuhi maji yanasoma nyuzi 15 na bakteria wanafanya kazi kwa uvivu kwenye baridi. Watu wa Pwani wakisikia Dodoma kuna baridi wanacheka, waje walale hapa mwezi wa saba.

Samaki wa dhahabu mwenyewe baridi haimsumbui, ni samaki wa maji ya baridi, na yale mashine ya kupasha maji yanayouzwa na tangi hana haja nayo. Anakula kidogo tu na kutulia.

11 Agosti

Amonia 0, naitraiti 0, naitreti 20. Soksi imetupwa. Ubuyu ameingia tangini saa nne asubuhi. Kwanza alijificha nyuma ya bomba la chujio, baadaye akaanza kuogelea urefu wote wa tangi, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi. Binti alisema, "Mama, alikuwa hajui kama anaweza kwenda moja kwa moja." Nimeliandika kama alivyolisema.

25 Agosti

Kaka kaja na wengine wawili. Mmoja wa rangi ya machungwa, Chenza. Mwingine wa kijivu kama shaba iliyochakaa, aliuziwa bei ya chini kwa kuwa "hajageuka" rangi. Huyo binti kamwita Zege.

Kuna kosa moja nililoepuka kwa kusoma mapema. Samaki akisafiri saa nyingi ndani ya mfuko, amonia inajaa, lakini pumzi yake nayo inashusha pH, kwa hiyo ile sumu inalala. Ukifungua mfuko na kuanza kumtilia maji kidogo kidogo kwa saa nzima, hewa inaingia, pH inapanda, na sumu inaamka na samaki yumo ndani. Nilielea mfuko uliofungwa kwenye beseni dakika ishirini joto lilingane, nikafungua, nikawatoa kwa wavu mara moja. Maji ya mfuko yameishia kwenye mchicha.

Watakaa beseni kwa wiki nne kabla ya kuonana na Ubuyu.

3 Septemba

Bora sikuwachanganya. Chenza ana vidoa vyeupe kama chumvi iliyonyunyizwa, mapezini na mgongoni. Ni kimelea. Kidoa unachokiona kimejifunika chini ya ngozi, dawa haikifikii. Kinapokomaa kinadondoka, kinajigawa, watoto wake wanatoka kuogelea kutafuta samaki, na hapo tu ndipo wanapouawa. Ndiyo maana tiba ya siku mbili haisaidii. Nimeweka chumvi ya mawe gramu 2 kwa kila lita, nimesogeza beseni mahali penye jua la asubuhi ili mzunguko wa kimelea uende haraka, na kila nikibadilisha maji narudishia chumvi ya maji niliyotoa tu.

22 Septemba

Vidoa vimeisha tangu tarehe 13. Wote watatu wako tangini.

Lishe: mara mbili kwa siku, punje zinazozama, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Samaki hawa hawana tumbo la kuhifadhi chakula, ni utumbo tu tangu mwanzo hadi mwisho, na meno yao yako kooni. Ukiwapa kingi kinapita nusu hakijasagika na kinarudi kwako kama amonia. Mara mbili kwa wiki nawapa njegere iliyochemshwa na kumenywa, au jani la mchicha lililochovywa kwenye maji ya moto. Wanaomba muda wote. Wakiniona wanakuja mbele ya kioo, wakimwona mume wangu hawaji. Ule uvumi kwamba samaki wa dhahabu ana kumbukumbu ya sekunde tatu, aliyeutunga hakuwahi kufuga.

6 Oktoba

Mpwa wangu amewatupia andazi. Nimebadilisha maji mara mbili leo.

2 Novemba

Huu ndio mwezi niliouogopa. Saa tisa alasiri maji yamesoma nyuzi 29. Wote watatu wako juu, midomo wazi, wanakunywa hewa.

Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo. Kwa nyuzi 20 usawa wa bahari, lita moja hubeba miligramu 9 hivi, kwa nyuzi 30 ni 7 na ushee. Na Dodoma hatuko usawa wa bahari, tuko zaidi ya mita 1,100 juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo pungua tena karibu sehemu moja ya nane. Wakati huohuo joto linamfanya samaki ahitaji oksijeni zaidi. Vitabu vya kigeni vinasema nyuzi 18 hadi 24. Sawa, lakini aliyeviandika hakuwa Ipagala mwezi wa kumi na moja.

Nilijaribu chupa za maji ya barafu. Maji yanashuka nyuzi mbili, baada ya saa moja yamerudi, na kupanda na kushuka huko kunawachosha zaidi.

Jibu lilitoka kwa jirani yangu, babu wa Kigogo anayelima zabibu upande wa pili wa uzio. Nilimwamkia nikamweleza. Akaniuliza, "Mama, mtungi wako wa maji ya kunywa unaupoza na barafu?" Akacheka peke yake.

Mtungi unatoa jasho. Jasho linakauka na kubeba joto, na kwa ukavu wa hewa yetu kabla ya mvua linakauka upesi. Nilivua kifuniko cha tangi, nikaweka wavu wa mbu badala yake, nikaelekeza feni ndogo juu ya uso wa maji. Siku ya pili saa tisa: nyuzi 26. Pampu ya hewa nayo nimeiongeza jiwe la pili la kutolea mapovu, maana ni ule uso unaotikisika ndio unaopokea oksijeni, si mapovu yenyewe.

Gharama yake: tangi linapoteza karibu lita nne kwa siku. Na yanayokauka ni maji tu, chokaa inabaki. Ukijazia ya bomba kila siku, madini yanazidi kurundikana. Ninajazia ya mvua niliyokinga mwezi wa nne, yamebaki madumu matatu.

9 Novemba

Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, uliisha saa nane usiku. Feni kimya, pampu kimya. Nilishtuliwa na kimya chenyewe. Nilikoroga maji kwa kikombe, nachota na kumwaga kutoka juu, mpaka kaka aliponitumia tokeni saa kumi na moja. Kosa hili ni langu, nilikuwa nimeona zimebaki uniti tatu nikasema kesho.

1 Desemba

Mgao wa maji. Shemeji yangu alipita akaona nimetoa lita 40 kutoka tangini, akasema, "Sisi tunabeba madumu, wewe unaogesha samaki." Sikumjibu vibaya, ana haki ya kuuliza. Nilimpeleka nyuma akaone mchicha. Kila tone linalotoka tangini linakwenda pale, na ile naitreti inayomchosha samaki ndiyo mbolea ya majani. Ameondoka na mafungu mawili. Sidhani kama nimemshinda.

14 Januari 2025

Chenza amekufa. Nimemuua mimi.

Siku nne zilizopita maji ya bomba yalirudi kwa nguvu baada ya kukatika, yananuka klorini. Chujio lilikuwa limeziba. Nikalitoa sponji, nikalipeleka bombani, nikalisuuza vizuri mpaka likawa kama jipya, nikajisifu. Miezi mitano ya bakteria ikaenda na maji. Juzi samaki walikuwa wamelala chini, mapezi yamebanwa mwilini. Nikapima amonia: 2. Nikabadilisha nusu ya maji, jana nusu nyingine, Ubuyu na Zege wakaamka. Chenza matamvua yake yalikuwa mekundu kama nyama. Leo alfajiri hakuamka.

Sponji husuuzwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, likaminywa mara mbili tatu, likarudishwa likiwa bado chafu chafu. Nilikuwa nimelisoma hili mwezi wa sita. Liko kwenye daftari hilihili, ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wangu.

Binti alimzika chini ya mzabibu wa babu, kwa ruhusa ya mwenyewe.

16 Februari

Zege ameanza kugeuka. Tumboni kuna mstari wa dhahabu, unapanda mbavuni. Hawa wote huzaliwa rangi ya udongo na wengi hubadilika ndani ya mwaka wa kwanza, wengine hawabadiliki kabisa. Wakikaa gizani, hata waliokwisha kugeuka hupauka. Aliyemuuza Zege kwa bei ya chini alikuwa na haraka tu.

2 Machi

Nimegundua kwamba vipimo vyangu havina maana. Mpaka Desemba nilikuwa napima mimi, kutoka mdomo hadi mwisho wa mwili. Tangu Januari anapima binti, naye anahesabu na mkia. Ndiyo maana Ubuyu "aliongezeka" sentimita tatu ndani ya mwezi mmoja, na mimi nikamwandikia kaka barua ndefu ya kujisifu. Tumekubaliana: mwili bila mkia, rula imebandikwa kwenye kioo. Ubuyu leo sentimita 9. Zege 7.5.

Wakati nasahihisha nilikutana tena na ile kauli kwamba samaki wa dhahabu hukua kulingana na chombo. Kauli hiyo inasemwa kana kwamba samaki ana adabu, anapima chumba halafu anaacha kukua. Ukweli ni kwamba kwenye chombo kidogo uchafu unarundikana, chakula hakimfai, mwili unadumaa. Aliyetunzwa hufika sentimita 30, wale wa mkia mmoja kama wangu. Ubuyu ana miezi tisa kwangu na ameshaongezeka maradufu. Tangi la mita moja litakuwa dogo kabla ya mwaka kwisha.

27 Aprili

Wamehamia nje. Nyuma ya nyumba kuna karo la saruji alilolijenga mwenye nyumba zamani la kuhifadhia maji, linachukua kama lita 900. Lingekuwa jipya nisingethubutu, saruji mbichi hutoa chokaa inayopandisha pH kupita kiasi. Hili lina miaka kumi na zaidi, limeota ukijani. Nimelisugua bila sabuni, nikalijaza kwa mvua za Machi na Aprili, nikahamisha chujio lenyewe lote na uchafu wake. Juu nimeweka wavu kwa ajili ya kunguru, na nusu yake turubai kwa kivuli.

Faida ambayo sikuitegemea: viluwiluwi vya mbu. Karo hilo lilikuwa kiwanda cha mbu. Wiki hii hakuna hata kimoja.

Babu alikuja kuangalia. "Shikamoo babu." "Marahaba. Hawa ni perege?" Nikamwambia si perege. "Wataliwa lini?" Nikamwambia hawaliwi. Alikaa kimya muda. Ujana wake alivua kambale bwawa la Hombolo, na samaki wa bwawa la Mtera anamjua kwa harufu. Mwisho akasema, "Basi ni kama njiwa," na naona ni jibu zuri kuliko langu.

18 Mei

Nilimwona babu amebeba pampu ya mgongoni, anajiandaa kupulizia zabibu dawa ya ukungu. Ile ya buluu. Nilipanda kwenye tofali nikamwita. Dawa hiyo ina shaba, na shaba ni sumu kubwa kwa samaki, ijapokuwa maji magumu kama yetu huipunguza makali. Na upepo wa Dodoma unajulikana. Alisubiri, nikafunika karo kwa turubai zima na mawe pembeni. Sasa ameniahidi kila akitaka kupulizia ananiambia jana yake, na mimi namwekea ndoo mbili za maji ya karo kwa mizabibu yake.

9 Juni

Mwaka. Ubuyu sentimita 11.5. Binti alitaka keki, tumempa Ubuyu njegere nane.

Mwenzangu wa dukani amenishauri, wakizidi kuwa wakubwa nikawaachie Hombolo "wakaishi kwa uhuru". Nimemkatalia kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika. Samaki hawa si wa hapa. Walikoachiwa kwenye maziwa ya nchi nyingine wamekua wakubwa, wamechimbua matope ya chini wakitafuta chakula, maji yakachafuka, samaki wa wenyeji wakakosa pa kuzalia. Atakayeshindwa kuwafuga ampe mwingine.

24 Agosti

Vidoa vyeupe kwa Zege! Nilikuwa nimeshapima chumvi kwenye mizani ya jikoni ndipo nikaangalia vizuri. Viko kwenye vifuniko vya matamvua tu na kwenye mfupa wa mbele wa mapezi ya kifuani, vimepangika, kila upande sawasawa. Kimelea hapangi mistari. Hivyo ni vipele vya dume msimu wa kuzaa ukikaribia. Chumvi imerudi koponi.

Zege ni dume, basi. Na anamfuata Ubuyu kila pembe, anamsukuma ubavuni.

21 Septemba

Baridi imekatika, karo limetoka nyuzi 17 mwezi Julai na leo asubuhi limesoma 23. Tangu alfajiri Zege amekuwa akimkimbiza Ubuyu. Nilikuwa nimeshaandaa kamba ya katani, nimeichemsha, nimeifumua nyuzi nyuzi, nikaifunga kwenye kipande cha mti ielee. Kufika saa tatu nyuzi zilikuwa zimejaa mayai, madogo kama mbegu za ulezi, yananata. Wazazi walikuwa wameanza kuyala. Nimeitoa kamba yote na kuiweka kwenye lile beseni la zamani, kwa maji ya karo.

25 Septemba

Mayai mengi yamegeuka meupe na kuota ukungu, hayo hayakurutubishwa. Yaliyobaki yameanguliwa. Vifaranga ni nyuzi zenye macho mawili, wamening'inia kwenye kuta za beseni. Siku mbili za kwanza hawahitaji chochote, wanaishi kwa kiini walichozaliwa nacho. Baada ya hapo ni maji ya kijani ya karo, yana vijidudu vidogo vya kutosha, na kiini cha yai la kuku kilichochemshwa, kilichochujwa kwenye kitambaa, kiasi cha ncha ya kisu. Ukizidisha kiini, beseni linanuka jioni ileile.

31 Oktoba

Vifaranga 23 wamebaki kati ya sijui mia ngapi. Wote rangi ya udongo, sentimita moja na nusu, wengine mbili. Binti ameshaanza kuwapa majina na nimemwomba asubiri waoneshe rangi kwanza, itakuwa mwakani.

Maombi yamefika saba, pamoja na ya shemeji. Nimewaambia wote kitu kimoja: atakayekuja na bakuli anarudi nalo. Aje na picha ya tangi lililokwisha kaa wiki sita, na namba za amonia. Wawili wamenuna. Babu ameomba wanne, anachimba shimo karibu na mizabibu na anataka kulisakafia kwa saruji, nimemwambia saruji ikauke na ilowekwe na kumwagwa mara kadhaa kabla sijampa hata mmoja. "Mwezi wa pili, basi," akasema. "Na hao hawaliwi." Aliuliza, au alisema, sikutambua.

Vipimo: Ubuyu sentimita 14. Zege 11, ni dhahabu mwili mzima isipokuwa ncha ya mkia. Maji ya karo saa tisa alasiri nyuzi 26, amonia 0, naitraiti 0, naitreti 10.

Kesho: lita 100 zitoke, mchicha na mizabibu vipate. Feni ya beseni la vifaranga iangaliwe waya. LUKU inunuliwe kabla ya magharibi, zimebaki uniti tisa.